Nahodha Aliyelelewa na Miji ya Machimbo

Jua la jioni linapoanza kuinama upande wa Buseresere, na vumbi la malori yaliyotoka Geita linapotulia juu ya mabati ya maduka, vijana wa Katoro hukusanyika katika kiwanja kimoja kilichoko pembezoni mwa mji wetu, kiwanja kisicho na jukwaa wala nyavu wala nyasi, isipokuwa zile zilizosalimika kwenye kona ambako ng'ombe hawakufika. Na mwenye kuwapanga, kuwahesabu, kuwakusanyia shilingi mia tano mia tano za kuziba mpira, na kuwanyamazisha wanapogombana, ni kijana mmoja ambaye umri wake haujapita miaka ishirini na miwili, na ambaye asubuhi ya siku hiyo hiyo alikuwa akilisha mawe kwenye karasha huko Rwamgasa. Juu ya kiwiko cha kushoto amefunga kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Hicho ndicho kitambaa chake cha unahodha.

Majuzi nilisimama kando ya kiwanja hicho hadi giza likaingia. Timu yake ilikuwa nyuma kwa bao moja na dakika zilikuwa zikiyoyoma, mpira ulipopigwa kichwa, ukagonga mwamba kwa ndani, ukadunda chini na kurudi uwanjani. Nusu ya watu wakapiga kelele kuwa ni bao, nusu wakapiga kelele kuwa si bao, na mwamuzi, mzee mmoja muuza mitumba ambaye hupuliza filimbi kwa hisani tu, akaashiria mchezo uendelee. Vijana saba au wanane wakamkimbilia kwa hasira. Kijana yule akawatangulia mbio, akageuka, akatandaza mikono kama mtu azuiaye mifugo isiingie shambani, akawarudisha wote nyuma, kisha akamwendea mzee peke yake, mikono ameiweka mgongoni.

"Mwadila, baba," akamsalimu kwa sauti ya chini.

"Mwadila, mwanangu."

"Wenzangu nimewazuia, nimekuja mimi. Tunaomba kujua tu, baba, ulivuka au haukuvuka?"

"Kwa macho yangu haukuvuka. Na mstari wenyewe mmeuchora kwa jembe, ng'ombe wameupitia mara mbili tangu jana. Nikisema ulivuka nitakuwa nimekisia."

"Basi tumepokea, baba."

Akarudi kwa wenzake. Na kurudi huko ndiko kulikokuwa kuzito, kwa maana mzee alimjibu kwa upole, lakini wenzake walimpokea kwa maneno makali, wakamwita mwoga, na mmoja akavua jezi akaitupa chini. Akaiokota, akaikung'uta vumbi, akamrudishia mwenyewe mkononi. Mchezo ukaendelea, nao wakafungwa vile vile.

Nimeanza na kijana huyu kwa sababu lile ninalotaka kulisema leo juu ya Mbwana Ally Samatta, nahodha wa timu yetu ya taifa kwa miaka mingi, nimelifahamu vizuri zaidi kwa kumtazama yeye. Tumezoea kumtaja nahodha kama mtu aliyetunukiwa, na kitambaa kama nishani. Sheria za kandanda zenyewe hazisemi hivyo. Sheria ya 3, ile inayohusu wachezaji, haimpi nahodha hadhi ya pekee wala upendeleo wowote. Inamtwika sehemu ya dhamana ya mwenendo wa wenzake, basi. Haki zake rasmi ni chache mno: kusimama katikati ya uwanja wakati sarafu inaporushwa, na kuchagua goli au kuanza na mpira akishinda kura hiyo. Siku za karibuni watunga sheria wameweka mwongozo kwamba waamuzi waweza kuagiza nahodha peke yake ndiye awasogelee panapotokea ubishi mkubwa, na dunia nzima imeuona mwongozo huo ukitumika katika mashindano ya Ulaya ya mwaka 2024. Kumbe kijana wa Katoro alikuwa akiutekeleza bila kuusoma mahali popote.

Neno lenyewe limetufikia kutoka mbali. Nahodha ni neno la Kiajemi lililopanda majahazi likashuka pwani yetu karne nyingi zilizopita, na huko baharini lilimaanisha mtu mwenye amana ya chombo, shehena na roho za watu, aliyeulizwa mambo yote chombo kilipozama hata kama usukani ulikuwa mikononi mwa mwingine. Sisi wa bara, ambao bahari wengi wetu hatujaiona, tulilipokea neno hilo kwa njia ya redio, kutoka kwa watangazaji wa mpira, tukalielewa kwa maana ya mchezaji bora. Naona tulilielewa nusu.

Samatta alizaliwa Dar es Salaam tarehe 23 Desemba 1992, akakulia Mbagala, mtoto wa Mzee Ally Samatta ambaye naye alisakata kandanda zama zake. Alianza kujulikana katika African Lyon, timu iliyochipuka huko huko Mbagala, akaingia Simba mwaka 2010, na mwaka uliofuata Simba ilipokutana na TP Mazembe ya Lubumbashi katika mashindano ya klabu bingwa Afrika, mabwana wa Mazembe wakamwona, wakamtaka, wakamchukua. Alikuwa na umri wa miaka kumi na minane. Ukiwauliza vijana wetu wa hapa habari zake, watakuambia "alitusua," na kwa namna wanavyolitamka neno hilo utadhani wanamzungumzia mchimbaji aliyeteremka dimbani mara moja akapanda na jiwe linalong'aa. Siwalaumu, kwa kuwa wanaishi mahali ambapo jambo hilo hutokea kweli, au husimuliwa kila siku kuwa limetokea kwa jirani. Lakini maisha ya Samatta hayafanani na habari hiyo hata kidogo, na atakayeyatazama kwa makini ataona mwendo mwingine kabisa.

Alikaa Lubumbashi kwa takriban miaka mitano. Naomba msomaji alifikirie jambo hili kwa utulivu, kwa sababu magazeti yetu hulipita haraka ili yafike Ulaya. Lubumbashi ni mji uliosimamishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Kabla ya mgodi hapakuwa na mji, kama vile Katoro isingekuwa Katoro hii bila dhahabu inayoizunguka. Watu walikusanywa huko kutoka kila upande kwenda kuchimba na kuyeyusha, na lugha iliyowapatanisha kambini ikawa Kiswahili, hata leo Kiswahili cha Lubumbashi kina ladha yake yenyewe, lakini ni lugha yetu; mvulana wa Mbagala aliteremka pale akasikia watu wakisalimiana akaelewa. Klabu ya Mazembe iliasisiwa mwaka 1939 na wamisionari Wabenediktini kwa ajili ya vijana wa mji huo, ikatwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, ikaanguka katika ukata na kusahauliwa, kisha ikainuliwa tena chini ya uongozi wa Moïse Katumbi, hata ikatwaa ubingwa mara mbili mfululizo mwaka 2009 na 2010, na mwaka huo wa 2010 ikawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali ya klabu bingwa ya dunia. Ina uwanja wake yenyewe mtaa wa Kamalondo. Ina shule ya kulea watoto.

Katika nyumba hiyo kijana wetu alijifunza kungoja. Hakufika pale kama sultani. Alikuta wakongwe waliokwisha kuitwaa Afrika, akakaa nyuma yao, akapanda ngazi moja moja, na hata pale vijana wa rika lake walipokuwa wakiondoka kwenda kutafuta malisho, yeye alibaki. Tarehe 8 Novemba 2015 Mazembe ilipoifunga USM Alger ya Algeria mabao 2 kwa 0 mjini Lubumbashi, baada ya kuishinda kwao 2 kwa 1, Samatta alikuwa amefunga katika michezo yote miwili, akamaliza mashindano yale na mabao 7, na Januari 2016 mjini Abuja akatawazwa kuwa mchezaji bora wa Afrika kwa wale wachezao ndani ya bara, jambo ambalo hakuna mwana wa Afrika Mashariki aliyekuwa amelifikia kabla yake. Miaka mitano, na mabao yale mawili ya fainali yakaonekana kama ya siku moja.

Ndipo kitambaa kikamjia. Kabla yake kilikuwa mkononi mwa Nadir Haroub, beki wa Yanga mwenye asili ya Zanzibar ambaye nchi nzima ilimwita Cannavaro, mtu wa miraba minne aliyezuia mashambulizi ya kila aina kwa miaka mingi katika timu iliyofungwa mara kwa mara. Mwaka 2016 kocha Charles Boniface Mkwasa alimpa Samatta unahodha, na Cannavaro akatangaza kuiaga timu ya taifa. Mimi ni miongoni mwa walioona uchungu siku hizo. Sikuona uchungu kwa kuwa Samatta hakustahili, maana alistahili. Niliona uchungu kwa kuwa kitambaa kilizungumzwa kama zawadi ya ushindi wa Abuja, na mzee wa nyumba akaondoka kama mgeni. Unahodha ukigeuzwa zawadi, anayenyang'anywa huona amefedheheshwa na anayepewa huona amelipwa, hali wote wawili wanabeba mzigo mmoja kwa zamu. Samatta mwenyewe, kwa murua wake, hakujigamba. Aliupokea mzigo ule akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, tena mwezi ule ule aliokuwa akihamia nchi ya baridi.

Nchi hiyo ni Ubelgiji, na mji aliofikia ni Genk. Hapa ndipo palipo kiini cha shauri langu.

Genk iko katika jimbo la Limburg. Mwanzoni mwa karne iliyopita palikuwa na kijiji cha wakulima tu, hadi mwaka 1901 mchimbuzi mmoja alipotoboa ardhi katika kijiji jirani akakuta makaa ya mawe, na migodi mitatu ikafunguliwa: Winterslag, Waterschei na Zwartberg. Wakaja watu kutoka Italia, Ugiriki, Uturuki na Moroko kuteremka shimoni, wakajenga mitaa, wakazaa, wakachanganya damu. Na kila mgodi ukawa na timu yake ya mpira, kwa kuwa wachimbaji wa mahali popote duniani, watokapo gizani, hutaka mahali pa wazi pa kunyoosha miguu. Kisha makaa yakapoteza faida. Zwartberg ulifungwa mwaka 1966. Waterschei ulifungwa mwaka 1987. Winterslag, wa mwisho, ulifungwa mwaka 1988, na maelfu ya watu wakabaki na mikono mitupu katika mji uliojengwa kwa ajili ya kitu ambacho hakitakiwi tena. Mwaka huo huo wa 1988 timu za Waterschei na Winterslag zikaunganishwa kuwa moja, ikaitwa KRC Genk. Mgodi wa mwisho na klabu hiyo vilipishana mlangoni. Klabu ikatwaa ubingwa wa Ubelgiji mwaka 1999, 2002 na 2011. Ikawalea watoto ambao dunia inawajua, Kevin De Bruyne na Thibaut Courtois. Na mwaka 2019 ikatwaa ubingwa tena, na aliyeifungia mabao 23 ya ligi msimu huo ni Mbwana Samatta, mwana wa Mbagala, aliyepewa na Kiatu cha Mpingo, tuzo ya mchezaji bora wa asili ya Afrika katika nchi ile.

Tazama basi: mtu ambaye Watanzania tumemkabidhi kitambaa chetu alilelewa na mji wa shaba, akakomaa katika mji wa makaa. Wachimbaji wa Lubumbashi na wachimbaji wa Genk, watu ambao hawakumjua mama yake wala baba yake, waliweka sehemu ya jasho lao katika kiwanja, na katika kiwanja hicho nahodha wetu akaota. Na sisi ambao nchi yetu imemzaa, sisi wa ukanda huu unaoanzia almasi ya Mwadui ukapita dhahabu ya Bulyanhulu hadi Geita na vilima vyetu vya Katoro, tumeweka nini?

Nisije nikawadhulumu watu wa kwetu: tumewahi kuweka. Shinyanga walikuwa na Stand United, timu iliyozaliwa na watu wa stendi ya mabasi, ikapanda Ligi Kuu mwaka 2014 ikishangiliwa Kambarage kwa jina la Chama la Wana. Ikapata ufadhili wa kampuni ya mgodi, na fedha zilipofika watu wakagawanyika juu ya nani ndiye mwenye timu, na mwaka 2019 ikashuka daraja. Mwadui, timu ya mgodi wa almasi, ilishuka mwaka 2021. Mwaka huo huo Geita Gold ilipanda, na msimu wake wa kwanza ulikuwa wa shani: ilishika nafasi ya nne, mshambuliaji wake George Mpole akawa mfungaji bora wa nchi kwa mabao 17, akimpita Fiston Mayele wa Yanga kwa bao moja, na timu ikaenda kucheza mashindano ya Afrika. Nakumbuka siku hizo Katoro ilivyokuwa. Bodaboda walifunga vitambaa vya timu kwenye vioo, na mama mmoja wa mgahawa jirani na soko aliapa kuwa atampikia Mpole samaki wa sato siku atakayopita njia ya Chato. Mwaka 2024 Geita Gold nayo ikashuka. Timu tatu za madini, ndani ya miaka mitano, zimeteremka zote kama ndoo za kamba moja.

Sababu zake ni nyingi na nyingine sizijui vema kuziandika. Moja naijua kwa kuwa naiona kila jioni: timu hizo zilijengwa kuanzia juu. Zilinunua wachezaji wa kutoka kwingine, zikawalipa zilipoweza, na walipoondoka hapakuwa na mtoto wa chini aliyekuwa akingoja zamu yake, kama Samatta alivyongoja Lubumbashi. Nahodha haji kwa dirisha la usajili. Huanza katika kiwanja kibovu, kwa kukusanya mia tano za wenzake na kurudisha chenji, na kwa kumwendea mzee wa filimbi mikono nyuma. Na huhitaji miaka, na mwalimu mmoja mwenye subira, na mahali ambapo kesho pia patakuwapo.

Naandika haya nikiwa na ushahidi wa nafsi yangu. Nilipokuwa kijana wa mtaani nilivishwa kitambaa cha timu yetu kwa michezo mitatu, nikakivua mwenyewe, kwa sababu siku ya mchezo wa nne nilitakiwa kumwambia rafiki yangu wa kulala chumba kimoja kwamba kocha amemweka nje, nami sikuweza kufumbua kinywa. Nilikwenda sokoni nikazunguka huko hadi mpira ulipokwisha. Rafiki yangu alipata habari kwa mtu mwingine, akiwa amekwisha kuvaa. Hadi leo, nikimwona nahodha wa timu yoyote akiongea na mwenzake anayetolewa, nikaona mkono wake umelala begani mwa mwenzake, natazama mkono ule kuliko ninavyoutazama mpira.

Kwa hiyo naweza kukisia, japo kwa mbali, uzito wa yale aliyobeba Samatta mjini Cairo mwaka 2019. Tulikuwa tumefika fainali za mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1980, miaka 39, baada ya kuifunga Uganda mabao 3 kwa 0 Dar es Salaam mwezi Machi, watu wakalia uwanjani. Tarehe 27 Juni tulikutana na Kenya, Samatta upande huu na Victor Wanyama upande ule, manahodha wawili wa Afrika Mashariki wanaozungumza lugha moja, wakapeana mikono. Simon Msuva alifunga mapema, Kenya wakasawazisha, na dakika ya 40 nahodha wetu akaturudisha mbele. Tuliongoza mara mbili, tukafungwa 3 kwa 2. Tulifungwa na Senegal pia, na Algeria, tukarudi nyumbani bila pointi hata moja. Na katika vijiwe vya kahawa hapa kwetu, na katika simu za watu, lawama zikamwangukia mmoja, kwamba huko kwa Wazungu anafunga na kwetu hafungi, kana kwamba klabu iliyomlea mwaka baada ya mwaka na timu inayomwita kwa siku chache ni kitu kimoja. Alinyamaza. Akaitwa tena, akaja tena. Nchi ikafuzu tena kwa fainali za mwaka 2023 na za mwaka 2025, na vizazi viwili vya wachezaji vimeingia na kutoka chumba cha kuvalia huku yeye akiwapo.

Habari za Uingereza nitazipita upesi kwa kuwa kila mtoto anazijua: Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya nchi ile akiwa na Aston Villa, na tarehe 1 Machi akafunga kwa kichwa mbele ya Manchester City katika fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley, ingawa Villa walishindwa. Miezi michache baadaye hakutakiwa tena. Aliondoka kwenda Fenerbahçe ya Uturuki, akaazimwa Antwerp, akarudi Genk, akaenda PAOK ya Ugiriki na kutwaa ubingwa wa huko mwaka 2024, kisha mwaka 2025 akahamia Le Havre ya Ufaransa. Wapo wanaohesabu safari hizo kuwa kushuka. Mimi nazihesabu kuwa kazi: mtu wa makamo ya miaka thelathini na ushei aliyekwisha kufika kileleni, anayefunga virago na kuanza upya katika mji usiojua jina lake, na kila anapoitwa na nchi yake hupanda ndege akaja kuwapanga vijana waliokuwa shule ya msingi siku alipokuwa Abuja.

Nahodha wa safari ile ya 1980 huko Lagos, Leodegar Tenga, alipotundika viatu aliendelea kubeba watu: alikuwa mhandisi, akaliongoza shirikisho la mpira la nchi kuanzia mwaka 2004 hadi 2013, na wengi wanaokumbuka vurugu zilizotangulia wanakiri kuwa alilikuta limevurugika akaliacha lina heshima. Nalitaja hili kwa sababu wazee wetu huuliza, na wana haki kuuliza, mpira utamsaidia nini kijana baada ya magoti kuchoka.

Sasa nirudi Katoro. Mgodi mkubwa wa Geita umekuwa ukichimbwa tangu mwaka 2000. Buzwagi, kule Kahama, ulianza mwaka 2009 na kufikia mwaka 2021 ulikuwa umekoma kuchimba. Miaka kumi na miwili tu, umri wa mtoto wa darasa la sita. Kwa sheria, migodi hulipa halmashauri ushuru wa huduma kutokana na mapato yake, na tangu marekebisho ya mwaka 2017, kifungu cha 105 cha Sheria ya Madini kinamtaka mwenye leseni akubaliane na halmashauri kila mwaka juu ya mpango wa huduma kwa jamii. Fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati, nami nazishukuru kwa dhati, kwani nimeona wanawake wakijifungulia mahali safi ambapo zamani palikuwa na pori. Sisemi zahanati ingoje mpira. Nasema kiwanja cha udongo kilichosawazishwa hakihitaji gharama kubwa: greda lile lile linaloparua njia ya malori likikatiza siku moja, magoli ya bomba, mitaro miwili ya kutoa maji ya masika, na mwalimu mmoja anayelipwa mwisho wa mwezi. Kumi kama hivyo, kuanzia Nyarugusu hadi mpaka wetu na Chato, vingetufaa kuliko uwanja mmoja wenye viti vya rangi unaofunguliwa kwa hotuba. Na kabla ya greda, karatasi: kila kiwanja kipimwe kiwe cha michezo, kiandikwe hivyo katika ramani ya mji, na hati yake ikae mahali ambapo hakuna mtu atakayeibadilisha usiku.

Nasema karatasi kwa kuwa kiwanja nilichokieleza mwanzoni tayari kimepimwa kwa jambo jingine. Miezi miwili iliyopita walikuja watu na vyombo vya miguu mitatu, wakasimika bikoni za saruji, nyeupe, zenye namba nyekundu, mbili ndani ya kiwanja karibu na goli la kaskazini na moja kwenye kona kabisa. Nilipoulizia mahali panapohusika nikajibiwa kwa adabu kwamba eneo ni la biashara tangu zamani, na kwamba vijana watatafutiwa kwingine. Kwingine huko sikuonyeshwa. Wenyewe bado wanacheza. Zile mbili za karibu na goli wamezizungushia magunia ya mchanga mtu asivunjike mguu, na ile ya kona wameifanya bendera.

Jumamosi iliyopita mchezo ulikuwa sare na jua limekwisha kutua, zimebaki dakika chache ambazo mzee wa mitumba alikuwa akizihesabu kwa simu yake, timu ya Katoro ilipopata kona upande ule. Kijana wa karasha akaenda mwenyewe. Akauweka mpira kando ya bikoni, akafuta vumbi lililofunika namba kwa unyayo ili aone mpira ulipokaa, akarudi nyuma hatua nne, akainua mkono wa kushoto wenye kile kipande cha mpira wa baiskeli, akangoja wenzake wajipange.